Taa ya maji kwenye dizeli: maswali yenu wiki hii

Mvua imeshika na meseji karibu zote ni za ile taa ya filta ya dizeli, inayowaka maji yakijaa ndani ya filta, basi leo najibu hizo tu.

Nimeweka mafuta njiani kabla ya Bugiri, kufika Iganga taa ikawaka. Nisukume hivyo hivyo hadi Kampala na mzigo? (Dereva wa Canter, Busia)

Usisukume ssebo. Simama, zima engine, tafuta chupa tupu ya maji ya kunywa uiweke chini ya filta, legeza kile kizibo cha chini, piga pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi. Alafu acha chupa itulie kama dakika kumi. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatashuka chini utayaona yamejitenga kabisa. Ukiyaona jua sensa, ile ya kwenye filta inayoonja maji na kuwasha taa, ni nzima imefanya kazi yake, wa kulaumu ni mafuta. Kama ni nusu chupa basi na tanki lenyewe limwagwe, filta peke yake haitoshi. Na kama engine ilishaanza kukohoa usiiwashe tena, ita breakdown, maana pampu ya presha na nozo (zinazopuliza dizeli ndani ya engine) zinalainishwa na hiyo hiyo dizeli, zikipitisha maji zinasagika na bei ya nozo unaijua. Chupa usiitupe, rudi nayo kwa waliokuuzia.

Hiace yangu ya dizeli nimemwaga tena na tena, inatoka dizeli tupu, taa bado. Makanika anataka ninunue filta nzima na nyumba yake. (Mama mwenye taksi, Jinja)

Dada, shika pesa yako kwanza. Hapa ndo tunashuku sensa ama waya, na kujua ni kipi haigharimu kitu. Hizi Hiace za zamani sensa ni swichi tu ya waya mbili, ndani kuna kiboya chenye sumaku, maji yakipanda kinapanda nayo, swichi inafunga, taa inawaka. Mwambie aweke switch on, achomoe plagi ya sensa. Taa ikizima, ubaya uko kwa sensa, mara nyingi kiboya kimegandwa na uchafu. Ikibaki inawaka, waya umechubuka mahali unagusa bodi, waufuate kuanzia kwa filta kwenda juu, usinunue chochote.

Sensa ikitolewa waioshe na dizeli safi, waweke tester kwa ohm, waigeuze juu chini: upande mmoja ipitishe umeme, upande mwingine ikate. Isipobadilika imekufa. Ila kabla ya yote waangalie pini za plagi, nimeona nyingi zina kutu ya kijani na ikisuguliwa tu taa inazima yenyewe. Ukienda Kisekka, soko la spea Kampala, nenda na ile ya zamani mkononi, plagi hazifanani.

Gari mpya za komonireli (dizeli za presha kubwa zinazoongozwa na kompyuta) zenye sensa ya waya tatu, hii ya kuchomoa usiitegemee, kompyuta itaandika kosa lingine juu ya lile. Hizo piga skana na umuulize fundi namba ya kosa. P2269 inasema maji yapo, P2264 inasema njia ya umeme ya sensa ndo mbovu. Watu wanabadilisha sensa kwa P2269, sijui ya nini.

Fundi akate waya taa izime?

Hapana. Na utafute fundi mwingine.

Tangu sensa irudishwe, Pajero ya dizeli asubuhi inawaka kwa shida, na haivuji popote. (Mbarara)

Inavuta hewa mzee. Gari nyingi hapo kwa filta mafuta yanavutwa, hayasukumwi, so oringi (ule mpira wa duara wa kuziba hapo kwa sensa) ikikunjika huoni tone nje, hewa ndo inaingia ndani na usiku mafuta yanarudi kwa tanki. Weka oringi mpya, ilowanishe na dizeli, kaza kwa mkono tu, nyuzi ni za plastiki. Kisha piga pampu mpaka iwe ngumu.

Premio yangu mbona haina hiyo taa?

Ni ya petroli kaka. Hiyo taa ni ya watu wa dizeli.

Tunabeba dizeli ya madrumu kwenda Juba, kila mvua taa inawaka. (Elegu)

Drumu likisimama wima maji ya mvua yanakaa juu kwa kifuniko, mchana bati linapata moto, jioni likipoa linavuta yale maji ndani kupitia nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Lilaze, vizibo viwili vikae usawa mmoja, kimoja kushoto kingine kulia, dizeli ivifunike kwa ndani. Siku ya kutumia lisimamishe tangu jana yake, mpira wa kuvutia usifike chini kabisa, yale ya mwisho usiweke kwa gari. Na tanki la lori lijazeni jioni kabla ya kulala, tanki tupu linatoa jasho usiku.