Asilimia 90 kwenye Vero si dawa ya kifua

SWALI: Shikamoo Daktari. Ni mwanafunzi wa uzamili, Morogoro. Nimepima maji ya majani ya mpera dhidi ya virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa hasa ya watoto wachanga, kwenye seli za Vero, na virusi vimepungua kwa asilimia 90. Msimamizi wangu anataka nirudie kwenye seli za njia ya hewa za binadamu. Ni ghali, na zinachukua kama wiki nne kukomaa. Mfadhili wangu, ambaye anauza dawa za kifua, anaona yanatosha na anataka kuyaandika kwenye lebo. Kuna ulazima?

JIBU: Marahaba. Ulazima upo, na lebo isubiri.

Hiyo asilimia 90 ndiyo inayowapumbaza watu. Ukitoka virusi milioni moja hadi laki moja umepata asilimia 90, na laki moja hiyo inatosha kuanza upya. Halafu, seli zenyewe zilibaki hai? Hujasema. Majani ya mpera yamejaa tanini, ile kemikali inayokaza ulimi, nayo hung'ang'ania protini yoyote, ya virusi au ya seli. Seli zikifa, virusi vinakosa pa kuzaliana, hesabu inashuka, mtu anashangilia. Jik ingekupa asilimia 100.

Vero ni seli za figo la tumbili, zinaoteshwa tangu 1962. Nami nazitumia kukuzia virusi, lakini hazitengenezi interferoni, protini ambayo seli hutumia kujihami na virusi, kwa hiyo virusi vinaingia na kutoka vitakavyo. Zaidi ya hapo, RSV ikikulia humo inatoka na protini G, ile inayoishikiza kwenye seli, ikiwa imekatwa, na ukiipeleka kwenye seli za njia ya hewa inaambukiza kwa shida. Kwenye Vero inajishikiza kwa heparani salfeti, aina ya sukari iliyo juu ya seli, ambayo upande wa juu wa seli zenye vinywele haipatikani. Huko inatumia kipokezi kingine, CX3CR1. Huenda mpera wako umeziba mlango ambao kwenye pua ya mtoto haupo.

Mwaka 2020 tuliliona hili mchana kweupe. Klorokwini ilizuia virusi vya korona kwenye Vero, kwa sababu huko virusi hupitia vifuko vyenye asidi ndani ya seli, na dawa ile hupunguza asidi. Seli za njia ya hewa zina kimeng'enya TMPRSS2, kinachovifungulia virusi pale pale juu, asidi au hakuna asidi. Hidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, ilipojaribiwa kwenye seli hizo haikufanya kitu, na Juni 2020 RECOVERY, jaribio la Uingereza la dawa za korona kwa wagonjwa, likaonyesha haiwasaidii waliolazwa.

Kwa hiyo otesha seli zako kwenye utando, chini virutubisho, juu hewa, mpaka uone kwa hadubini vinywele vinapepea na kusukuma ute. Mpera weka chini. Wengi wanaumwaga juu, pamoja na virusi, kisha wanaandika kuhusu dawa ya kunywa! Kinachonywewa hupita tumboni na kwenye ini, kikafika kwenye mapafu kwa njia ya damu, tena kidogo mno. Pima ukinzani wa umeme wa utando kabla na baada: ukiporomoka hata pasipo virusi, umeunguza seli. Tumia seli za watu zaidi ya mmoja, maana hutofautiana sana. Ukifaulu hapo bado hujapata dawa, kwani utando huo hauna chembe nyeupe za damu wala ini.

Mfadhili wako hatayapenda haya. Chupa za "imethibitishwa maabara" zimejaa madukani, na ukiuliza seli gani, kiwango gani, unaonyeshwa picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu, mbavu zinabonyea kila anapovuta pumzi, anasoma "huua virusi", anampa kijiko na kungoja asubuhi. Mtoto wa namna hiyo anapelekwa hospitali penye oksijeni usiku uleule.