Wasomaji Wanauliza: Habari za Usalama Zilizofungiwa

Toleo lililopita tulieleza jinsi mwandishi na mwanablogu Yassin Juma alivyokamatwa Nairobi Januari 2016 baada ya kuandika mitandaoni kuhusu shambulio la kambi ya jeshi la Kenya (KDF) huko El Adde, Somalia. Barua zilizofuata ni nyingi, na nyingine zimetoka kwa watu wanaoendesha kurasa zao wenyewe za habari. Haya ni baadhi ya maswali. Majina tumeyaacha makusudi.

*Ndugu mhariri, sisi Eldoret habari za El Adde tulizipata Facebook kabla hatujapigiwa simu na mtu yeyote wa jeshi. Serikali nayo ikasema anayesambaza habari hizo anamsaidia adui. Je, ni kweli anamsaidia?* Msomaji, Eldoret

Poleni sana kwa kipindi kile. Jibu linategemea anachokiandika, na kipimo ni hiki: adui anakijua tayari, au bado?

Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016 al-Shabaab waliingia ndani ya kambi. Walihesabu miili, wakachukua magari, wakapiga video na baadaye wakaisambaza wenyewe. Kwao idadi ya waliokufa haikuwa siri. Aliyefichwa idadi hiyo ni mama aliyeko Eldoret. Serikali ya Kenya haijawahi kutoa idadi rasmi. Al-Shabaab walidai zaidi ya 100, rais wa Somalia wa wakati huo akataja kwenye televisheni watu wanaokaribia 200, na Mei mwaka huohuo CNN ikasema 141. Mwaka mmoja baadaye, kambi nyingine ya KDF huko Kulbiyow, Somalia, iliposhambuliwa, mambo yakawa yaleyale: jeshi lilisema 9, al-Shabaab wakadai makumi. Mwenye takwimu za kweli akinyamaza, uwanja anaachiwa mwenye propaganda.

Lakini yapo mambo ambayo adui hayajui, na hayo mwanablogu mwenye akili hayagusi hata akiwa nayo mkononi: walionusurika wamejificha wapi, kikosi cha uokoaji kinapita njia gani, helikopta inatua wapi, kambi ya jirani imebaki na askari wangapi, mwanakijiji gani aliwapa maji waliokimbia. Majina ya waliokufa pia yasubiri hadi familia zijulishwe. Kabla ya kuchapisha, pitia sentensi moja moja ujiulize kama inasimulia jambo lililokwisha au linaloendelea. "Gari lenye mabomu lilivunja lango alfajiri" limekwisha, liandike. "Askari kadhaa wanatembea kuelekea mpakani" linaendelea, na linaweza kuua.

*Nina ukurasa wa habari za kaunti. Shambulio likitokea natumiwa picha ishirini kwa WhatsApp ndani ya saa moja. Nitajuaje kuwa ni za leo?* Msomaji, Garissa

Usianze na picha, anza na aliyeituma. Muulize: "Umeipiga wewe?" Akisema ndiyo, mwombe akutumie tena kama dokyumenti, si kama picha. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ukubwa na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake: tarehe, saa, aina ya simu na mahali. Ikitumwa kama dokyumenti, taarifa hizo hubaki. Mwombe pia picha mbili tatu alizopiga kabla na baada ya hiyo. Aliyekuwepo kweli hapigi picha moja tu. Ukishaziona, zihifadhi mbali na simu unayotembea nayo.

Akisema "nimetumiwa tu", tafuta asili yake kwa zana za kutafutia picha: Google Lens, TinEye na Yandex. Tumia zote tatu kwa sababu kila moja ina hazina yake. Kata kipande chenye kitu cha pekee, kama kibao cha duka au namba ya lori, utafute hicho peke yake. Jaribu pia kuigeuza kushoto-kulia, maana wapotoshaji huigeuza hivyo ili isitambulike. Ukiikuta imechapishwa miaka mitatu iliyopita, kazi imekwisha. Usipoikuta popote, hujathibitisha chochote bado.

Sasa tafuta mahali. Tangi la maji, mnara wa msikiti, kona ya barabara na mgongo wa kilima vilinganishwe na Google Earth. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure na hupatikana karibu kila siku 5, ila kila nukta yake ni mita 10: utaona eneo lililoungua au jengo kubwa lililobomoka, gari hutaliona. Mawingu yakiwepo, subiri mzunguko mwingine. Ramani ya moto ya NASA iitwayo FIRMS huonyesha joto katika miraba ya mita 375 saa chache baada ya setilaiti kupita. Mtego wake ni kwamba wachoma mkaa na wanaochoma nyika nao huonekana. Nukta nyekundu maana yake ni moto, haina maana ya shambulio.

Kivuli husaidia kukadiria saa, lakini huku karibu na ikweta adhuhuri jua liko utosini na kivuli ni kifupi mno, kwa hiyo njia hiyo ifanyie kazi picha za asubuhi na jioni. Na saa zenyewe zinaponza watu wengi. Data za setilaiti huandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Shahidi naye akiandika "saa 11" anamaanisha alfajiri au jioni, halafu mwanablogu anaiweka 11:00 na habari nzima inaanguka. Kila mara muulize: kabla ya swala ya alfajiri au baada yake?

Mwisho, watu. Unahitaji mashahidi wawili wasiojuana. Wawili waliosoma kundi moja la WhatsApp ni shahidi mmoja. Na andika kile shahidi alichokiona, usikivuke: "mhudumu aliona miili minne mochari" si sawa na "wanne wameuawa".

*Mtumishi mmoja anataka kunipa waraka wa siri unaoonyesha fedha za ulinzi zilivyotumika vibaya. Niuskani niuweke mtandaoni?* Msomaji, Dar es Salaam

Hapana. Soma, nakili maneno kwa kuyachapa upya, kisha usiuonyeshe waraka wenyewe kwa mtu yeyote.

Printa nyingi za leza za rangi huacha nukta ndogo za manjano zisizoonekana kwa macho, zenye namba ya mashine na saa ya kuchapa. Mwaka 2017 nchini Marekani, waraka wa siri uliovujishwa na Reality Winner, mfanyakazi wa kandarasi wa idara ya ujasusi, ulichapishwa na tovuti ya habari ya The Intercept kama ulivyopokelewa, na nukta zile zilionekana kwenye nakala iliyowekwa mtandaoni. Lakini kilichomkamatisha haraka ni rahisi zaidi: ofisini walioichapa hati hiyo walikuwa 6 tu, na mmoja wao alikuwa amekiandikia chombo hicho baruapepe kwa kompyuta ya kazini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoa habari wako ni wangapi wengine wameuona waraka huo. Kama ni watatu, msubirishe, au tafuta ushahidi uleule kwingine: zabuni, ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), kumbukumbu za Bunge.

Picha nazo zifutwe taarifa za ndani kabla ya kuzichapisha. Desemba 2012 jarida la Vice liliweka picha ya John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni, ikiwa bado na vipimo vya GPS ndani yake, na dunia nzima ikajua kuwa yuko Guatemala.

Ukiwa Tanzania kumbuka pia kesi ya Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums. Polisi walitaka taarifa za watumiaji wake, yeye akakataa. Alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 akahukumiwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja kwa kuzuia uchunguzi. Alisimama imara na anastahili heshima kubwa. Wewe panga mambo yako mapema ili usifike hapo: usichokihifadhi hakuna wa kukuamuru ukitoe. Tumia programu ya ujumbe ya Signal kwa jina la mtumiaji badala ya namba ya simu, weka ujumbe ujifute baada ya siku moja, na daftari la simu lisiwe na jina la mtoa habari, hata la utani. Anayetumia WhatsApp azime hifadhi rudufu ya Google Drive au aiwekee usimbaji (kuifunga kwa msimbo isisomeke na wengine), kwa sababu bila hivyo mazungumzo yote yanakaa huko yakisomeka.

*VPN inatosha kunificha?* Msomaji, Arusha

Haitoshi. VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia iliyofungwa; inamzuia mwenye mtandao asione unatembelea tovuti gani, basi. Laini yako imesajiliwa kwa jina lako, na mnara unajua simu yako iko wapi na inampigia nani. Ukienda kukutana na mtoa habari, simu zote mbili zibaki nyumbani zikiwa zimewashwa. Simu mbili zinazozimika pamoja na kuwaka pamoja zinasema mengi.

*Nasikia Israel habari za ulinzi hupelekwa kwa mdhibiti wa jeshi kabla ya kuchapishwa. Si afadhali hivyo, maana mtu anajua mpaka uko wapi?* Msomaji, Kisumu

Mpaka upo kweli. Mamlaka ya mdhibiti yanatokana na kanuni za dharura za Waingereza za mwaka 1945, na Mahakama ya Juu ya Israel iliamua mwaka 1989 kuwa anaweza kuzuia habari pale tu panapokuwa na uhakika wa karibu kwamba itadhuru usalama. Pamoja na hayo, takwimu zilizotolewa na jarida la +972 zinaonyesha kuwa mwaka 2024 mdhibiti alizuia makala 1,635 zisitoke kabisa na kukatakata nyingine 6,265. Mwaka 2016 wanablogu na wenye kurasa za Facebook nao walitakiwa kuwasilisha maandishi yao mapema. Kwa maoni yetu, mpaka ambao mwenye kuandikwa ndiye anauchora haumfai msomaji.

Wanaoandika kutoka nje ya nchi hawabanwi na mdhibiti, na magazeti ya ndani huwanukuu kwa kusema "kwa mujibu wa vyombo vya nje". Lakini huko nako kuna shimo. Mwaka 2010 mfungwa wa siri, ambaye habari zake zilifungwa kwa amri, alifia katika gereza la Ayalon nchini Israel. Richard Silverstein, mwanablogu wa Marekani, alimtaja kuwa jenerali wa Iran kwa kutegemea chanzo chake. Februari 2013 televisheni ya ABC ya Australia ilionyesha kuwa alikuwa Ben Zygier, raia wa Australia na Israel aliyefanya kazi Mossad, shirika la ujasusi la Israel. Amri ya kufunga habari huwafunga wale ambao wangekusahihisha, na chanzo chenye ajenda kinalijua hilo. Ndiyo maana jina la mtu halitajwi kwa chanzo kimoja, hata kikiwa kimesema kweli mara kumi.

*Nikikamatwa Kenya, nifanye nini saa ya kwanza?* Msomaji, Mombasa

Uliza unashtakiwa kwa kifungu gani na unapelekwa kituo gani, kwa sauti, watu wasikie. Kisha nyamaza hadi wakili afike. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki hizo, pamoja na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha nje ya muda wa mahakama, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata, ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni ni kubaya zaidi. Mtu wako mmoja ajue mapema namba ya wakili, na akufuate kituoni usiku huohuo bila kungoja kupambazuke. Albert Ojwang alikamatwa kwao Homa Bay Juni 2025 kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafia katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo.

Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha "kutumia vibaya chombo cha mawasiliano" kilichotumika dhidi ya Yassin Juma, kilifutwa na Mahakama Kuu Aprili 2016 katika kesi ya Geoffrey Andare. Ukikisikia kikitajwa, mwambie wakili mara moja. Kilichokuja baadaye ni kizito zaidi: sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, ambayo kifungu chake cha 23 kuhusu habari za uongo kiliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au miaka 10 jela. Chama cha wanablogu kilikipinga, Mahakama Kuu ikakipitisha Februari 2020, na mvutano ukaenda rufaa. Wakili aangalie hali yake siku hiyohiyo.

Simu: ukiona wanakuja, izime. Simu iliyozimwa na isiyofunguliwa tena kwa namba ya siri ni ngumu zaidi kuingilika kuliko iliyofungwa tu kioo. Alama ya kidole na uso viwe vimeondolewa tangu zamani, maana kidole chako kinaweza kushikwa na kuwekwa juu ya simu. Namba ya siri iwe na tarakimu 8 au zaidi.

Na simu ikirudi kutoka mikononi mwa polisi, usiiwashe nyumbani ukaendelea na kazi. Mwaka 2025 Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto iliikuta programu ya upelelezi ya FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji filamu wa Kenya zilizokuwa zimechukuliwa na polisi. Badilisha nywila zote kwa kutumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa na Signal, WhatsApp na baruapepe, wajulishe watoa habari wako kwa njia nyingine, kisha ipeleke simu kwa mtaalamu ikaguliwe kabla ya kuifuta. Ukiifuta kwanza, unafuta na ushahidi.