Vitendo vya mtihani wa CNA (msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, Marekani) vinanitisha, nifanyeje?

Dada, kama maswali ya kuandika unayaweza na hofu yako ni vitendo, anza na kunawa mikono. Katika majimbo mengi ya Marekani kila mtahiniwa hupimwa hapo. Sugua kwa sabuni sekunde 20 au zaidi, vidole vielekee chini, usiguse sinki, bomba lifunge kwa karatasi safi na kavu. Mapigo ya moyo yahesabu dakika nzima. Mgonjwa aliyepooza upande mmoja, mvalishe kwanza upande dhaifu.

Na zungumza, tafadhali! Bisha hodi, jitambulishe, funga pazia, mweleze kila unachotaka kumfanyia. Sisi tumezoea kuhudumia wazee kwa upole wa kimya, lakini mtahini anataka kusikia. Ukikosea hatua, sema papo hapo, kisha irekebishe. Mlaze mwanao kitandani ujizoeze kwa sauti.