Tangi la kabureta kwa injini ya EFI

Ndugu yangu, umeuliza kama tangi na pampu ya pikapu yako ya kabureta vitaifaa injini ya EFI, ile inayopuliziwa petroli kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta. Tangi laweza kubaki, pampu haiwezi. Kabureta yataka shinikizo la mafuta la psi 3 hadi 6 tu. EFI nyingi zataka karibu 43. Weka pampu ya kuzama ndani ya tangi, petroli ndiyo inayoipoza, na joto letu la Mombasa unalijua. Ila tangi lisilo na kuta ndani litakusumbua: ukiteremka kuingia feri pale Likoni na mafuta robo, yote yakimbilia mbele, pampu yavuta hewa, injini inazimika. Fundi achomelee kikombe kuzunguka pampu, kishike mafuta hapo, na tafadhali, tangi lioshwe hadi mvuke wa petroli uishe kabla ya moto kulisogelea. Paipu ya kurudisha mafuta tangini usiisahau.