Wingi wa "passer-by"

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu. Niliandika "passer-bys" katika zoezi la Kiingereza nikakosolewa. Kwa nini alama ya wingi isikae mwishoni?

Jibu: Ndugu msomaji, anayepita ni "passer", na hiyo ndiyo nomino inayobeba wingi, ilhali "by" ni kielezi kinachoifuata bila kubadilika, kwa hiyo tunaandika "passers-by", jinsi nasi tunavyosema "wapita njia" bila kuigusa njia. Vivyo hivyo "mothers-in-law", ingawa Waingereza wengi huteleza hapo wanapozungumza.

Nje ya maneno ambatani, kanuni ni ileile: "the room upstairs" huwa "the rooms upstairs", na ile "s" ya mwisho, inayowahadaa wengi, ilikuwapo tangu umoja. Kinachotuponza, nadhani, ni mazoea ya Kiswahili, ambacho hudai upatanisho, chumba cha juu kikawa vyumba vya juu. Lakini "grown-up", yaani mtu mzima, haina nomino ndani yake, ndiyo maana wingi wake ni "grown-ups".