ROG Phone 6 kwa mkazi wa Dodoma: yale ninayoyajua baada ya kuitumia tangu 2023

Mkuu uliyeuliza kutoka Nkuhungu, nimekuelewa hivi: umepata ROG Phone 6 iliyotumika, ambayo ni simu ya michezo ya kampuni ya ASUS, bei yake inalingana na simu mpya ya daraja la kati, jioni zako nyingi unacheza PUBG Mobile ya risasi na eFootball ya mpira wa miguu, na unataka kujua kama simu za namna hii zinadumu au ni taa na nembo tu. Ninaitumia simu hiyohiyo tangu 2023, hapahapa Dodoma, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona. Msimamo wangu ni kwamba kinachoipa simu hii thamani baada ya miaka kupita ni namna inavyoitunza betri na kulihimili joto. Kasi, ambayo ndiyo hutangazwa kuliko vyote, ina faida ndogo kwa mchezaji wa mtandaoni aliyeko Dodoma kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze na hiyo kasi, kwa sababu ndiyo iliyokuvutia. Kioo chake cha inchi 6.78 huweza kujichora upya mara 165 kwa sekunde, yaani kila baada ya takriban milisekunde 6 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), ilhali kioo cha mara 60 huchukua karibu milisekunde 17. Tofauti ni kama milisekunde 11. Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza milisekunde 10 kwa data kwenda na kurudi. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo wa mtandaoni, tunazoangukia kwa kawaida ziko Ulaya au Mashariki ya Kati, na data yetu husafiri kwanza nchi kavu hadi pwani ndipo iingie katika mikongo ya baharini kama SEACOM iliyoanza kazi 2009 na EASSy iliyofuata 2010. Faida yote ya kioo hicho inakuwa imeshaliwa wakati data bado inapita karibu na pwani ya Kenya. Hakuna prosesa, yaani ubongo wa simu, itakayofupisha bahari, na mtu anayelalamika kwamba anapigwa risasi akiwa amekwisha kujificha nyuma ya ukuta atapigwa vilevile akiwa na simu hii.

Tena kioo hakiwezi kuonyesha fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana, ambazo mchezo wenyewe hauzitoi. PUBG Mobile ilikaa muda mrefu ikiishia fremu 90 kwa sekunde kabla ya kiwango cha 120 kufunguliwa 2024 kwa simu zilizoruhusiwa, na eFootball hutosheka na 60. Kwa michezo yako miwili, basi, sehemu kubwa ya hizo 165 utaiona unapoperuzi menyu.

Mguso ni habari nyingine. Kioo husoma vidole mara 720 kwa sekunde, na ubavuni kuna sehemu mbili zinazotambua shinikizo la kidole kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, unazoweza kuzipangia kazi yoyote, kwa mfano kulenga na kufyatua, huku vidole gumba vikibaki huru kutembea na kugeuka. Hili halitegemei seva wala mnara, na ndilo nililolikosa mara moja nilipoazima simu ya kawaida. Linahusu pia mji wetu kwa namna nyingine: sehemu hizo hazina kitufe kinachochomoza wala springi. Simu nyingine za michezo, kama Black Shark 4 ya 2021, ziliwekewa vitufe halisi vinavyoinuka kutoka ubavuni, ambavyo vina raha yake vidoleni, lakini kitu chochote chenye mwanya na chuma kinachosogea hakina urafiki na vumbi la Dodoma kati ya Juni na Oktoba.

Kuhusu vumbi lenyewe, kuna jambo wauzaji wengi hulieleza vibaya. Simu hii ina kiwango cha IPX4, na nimewasikia watu wakisema kwamba inazuia maji na vumbi. Tarakimu ya 4 inahusu maji, tena ya kurushiwa tu, si ya kuzamishwa. Herufi X inakaa mahali ambapo pangekuwa na tarakimu ya vumbi, na maana yake ni kwamba hakuna kiwango cha vumbi kilichotangazwa. Simu hii ina tundu la chaji chini, tundu jingine ubavuni, na tundu la hedifoni la milimita 3.5. Lile la ubavuni huja na kizibo cha mpira. Mwulize muuzaji kama bado anacho, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kupotea. Mimi huyasafisha matundu kwa kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, simu ikiwa imezimwa, na spika za mbele kwa brashi laini. Ukiona waya wa chaji umeanza kulegea, usikimbilie kubadilisha tundu. Mara nyingi ni vumbi lililoshindiliwa chini kabisa. Kwa sababu hiyohiyo nilisita kuchukua RedMagic, simu nyingine ya michezo, ambayo tangu toleo la 3 la 2019 ina feni ndani ya simu yenyewe pamoja na matundu ya kupitishia hewa. Njia ya hewa imetengwa na vifaa vya umeme, nakubali, lakini feni inayovuta hewa ya Dodoma ya mwezi wa nane itavuta na vilivyomo ndani ya hewa hiyo.

Joto. Prosesa ya ROG Phone 6 ni Snapdragon 8+ Gen 1, na alama hiyo ya kujumlisha ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu Snapdragon 8 Gen 1 iliyotangulia ilitengenezwa na Samsung na ikapata sifa ya kuchemka, ilhali hii ilitengenezwa na TSMC ya Taiwan na hutumia umeme mdogo kwa kazi ileile. Imewekwa katikati ya simu, mbali na ncha mbili ambako vidole hukaa. Hata hivyo, prosesa yoyote ikipata moto kupita kiasi hujipunguza kasi, na mchana wa Oktoba na Novemba, hewa ikiwa imevuka nyuzi 30, mechi ndefu huanza kwa ulaini na kuishia kwa kusuasua. Hapo jiografia inatusaidia: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua likizama hewa hupoa, na usiku wa Juni na Julai ninacheza nikiwa nimejifunika blanketi bila simu kuomba msaada wowote. Rafiki zangu wa Dar es Salaam hawana bahati hiyo.

Kipoozi cha kubandika mgongoni, ambacho huuzwa peke yake, kina feni pamoja na kipande kinachopitishiwa umeme upande mmoja ukapoa na mwingine ukapata moto. Kinafanya kazi. Mahali penye unyevunyevu mwingi hewani upande wa baridi unaweza kutoa matone ya maji, jambo ambalo kiangazi chetu kikavu hutuepusha nalo kwa kiasi kikubwa, ingawa masika yakikolea ni vizuri kuangalia. Ukiweza kucheza jioni tu, hela ya kipoozi kaa nayo.

Sasa betri, na hapa ningekuomba usome kwa utulivu, kwa sababu ndipo simu nyingi za wachezaji hufia. Betri ya lithiamu huchakaa haraka zaidi inapokuwa na joto, na zaidi tena inapokuwa na joto huku imejaa. Mtu anayecheza simu ikiwa kwenye chaji, ikiwa imefika asilimia 100, ndani ya chumba cha bati mchana wa Novemba, ameyaweka yote matatu pamoja, na simu ya kawaida haina namna ya kumwokoa. ROG Phone 6 ina mpangilio wa kuuelekeza umeme wa chaja uiendeshe simu moja kwa moja bila kuichaji betri. Ukiuwasha, asilimia inabaki palepale ilipo kwa muda wote wa mchezo, betri haipokei wala haitoi, na sehemu kubwa ya moto wa mgongoni hupungua. Pia unaweza kuiamuru isichaji kupita asilimia 80, na kuipunguza kasi ya chaji inapokaa usiku kucha. Nimeitumia hivyo tangu mwanzo: kikomo cha 80, umeme wa moja kwa moja wakati wa kucheza, na chaja ya wati 65 naitoa tu ninapokuwa na haraka. Betri yake ya mAh 6,000, ambayo kwa kweli ni mbili za 3,000, bado inanimalizia siku ya kazi pamoja na mchezo wa jioni. Mdogo wangu anayesoma UDOM, aliyenunua simu nzuri ya kawaida kipindi hichohicho na kuicheza ikiwa kwenye chaji kila usiku, sasa anatembea na pawabenki kama mzee na bakora yake.

Umeme ukikatika, pawabenki ya kawaida inatosha kuendesha mchezo kwa mpangilio huo wa umeme wa moja kwa moja, kwa sababu simu inapochezewa hula wati chache tu. Wati 65 ni za kujaza betri. Tumia tundu la ubavuni, waya hautakugusa mikono.

Upande wa hasara sitaufunika. ASUS ilitangaza matoleo mawili makuu ya Android na miaka miwili ya marekebisho ya usalama, simu ikatoka 2022 na Android 12, na safari yake ikaishia Android 14. Kama ndiyo simu utakayowekea akaunti ya benki na akiba ya kikoba, hilo ni jambo zito, na mimi kwa sasa shughuli za fedha nimezihamishia simu nyingine. Haina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Ina gramu 239, na mfuko wa shati utalijua hilo. Kamera yake kuu haina kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, kwa hiyo picha za sherehe za usiku zinahitaji mkono imara. Halafu vipuri: mafundi wa hapa mjini wana vioo vya Tecno, Infinix na Samsung dukani, lakini cha simu hii huagizwa, kwa kawaida kupitia Kariakoo, na utasubiri. Kava ngumu ni lazima.

Nikikujibu moja kwa moja: kama unacheza saa nyingi kila siku na una simu nyingine ya mambo ya fedha, ichukue. Kama ndiyo simu yako pekee, chukua ile mpya ya daraja la kati.

Ukienda kuiangalia, bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu itakayotokea, kwenda 15090 uone kama taarifa zinazorudi zinalingana na simu uliyoishika. Weka laini zako zote mbili na uhakikishe 4G inakaa, hasa kama ni toleo lililotengenezwa kwa soko la China, kwa kuwa baadhi ya simu za soko hilo hukosa masafa ya chini yanayofika mbali, na utaliona pengo hilo ukitoka nje ya mji kuelekea Bahi au Kongwa. Pitisha kidole kwenye kingo zote za mgongo. Sehemu iliyoinuka, hata kidogo, ni dalili ya betri kuvimba. Jaribu matundu yote mawili ya chaji, na mguso wa ubavuni pande zote mbili. Mwisho omba ucheze nusu saa mfululizo bila kipoozi, mchana, ukiangalia asilimia ilipoanzia na ilipoishia, na muuzaji akikataa nusu hiyo ya saa, mrudishie simu yake.