Kwa mnaoanza kupima mwendo kwa vihisi hapa Moshi

Karibuni. Najua hamu yenu ni kufungua kompyuta na kuona mistari ikipanda na kushuka, lakini nawaomba mwanze na mkanda. Kihisi, yaani kile kifaa kidogo kinachopima mwendo wa mguu, kikifungwa kwa ulegevu kinapima kucheza kwake chenyewe, na hakuna programu itakayowarudishia hatua halisi ya mgonjwa. Kifungeni kwenye ugoko, upande wa ndani palipo bapa, ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Msikiweke kwenye msuli wa nyuma. Ule hutetemeka kila kisigino kinapogusa chini. Kina mama wengi huja wamevaa vitenge, basi ombeni ruhusa, mwacheni apandishe nguo mwenyewe. Na mzee akiinamiwa miguuni bila shikamoo wala maelezo atakaza mwili, mtaishia kupima wasiwasi wake.

Kisha asimame tuli. Ni sekunde chache, ila msiziruke kamwe. Akiwa ametulia, akselerometa (sehemu ya kihisi inayopima mchapuko) inasoma mvuto wa dunia tu, karibu mita 9.8 kwa sekunde mraba, na jairoskopu (inayopima kasi ya kuzunguka) ingepaswa kusoma sifuri. Huwa haisomi sifuri kamili, na ile ziada ndiyo mtakayoitoa baadaye. Msidharau udogo wake: ziada ya nyuzi 0.1 kwa sekunde, ikijumlishwa kwa dakika 3, inazaa nyuzi 18 ambazo goti la mtu halikuwahi kukunja. Magnetometa nayo, inayosoma uga wa sumaku kama dira, msiitegemee karibu na vitanda vya chuma au vyuma vya kujifunzia kutembea.

Kwa kawaida mguu hukaa chini karibu asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, yaani tangu kisigino kiguse chini hadi kiguse tena, na asilimia 40 uko hewani. Mguu wenye maumivu hukaa chini kwa muda mfupi zaidi. Linganisheni kwanza kulia na kushoto kwa mtu yuleyule, vitabu baadaye. Hatua za kuanza, za kugeuka na za kusimama zitengeni.

Chuo cha TATCOT kipo hapa hospitali ya KCMC tangu 1981 kikifundisha mafundi wa viungo bandia, kwa hiyo mtakutana na wengi wanaotembelea mguu bandia. Hapo ndipo vihisi vinanipa moyo hasa. Kamera za maabara haziondoki chumbani. Kihisi kinatoka nje na mtu. Korido ya hospitali ni tambarare, ilhali mgonjwa wa Kibosho anapanda na kushuka mteremko kila siku, pengine na mkungu wa ndizi kichwani. Mguu unaofanya vizuri koridoni unaweza kumsumbua kwenye njia ya shambani. Muulizeni anatembea wapi, kisha mpimeni na kwenye mteremko.

Andikeni pia amevaa nini miguuni. Akipimwa leo na kandambili, kisha arudi mwezi ujao na viatu vya kufunga kamba, mtasema mazoezi yamemsaidia kumbe ni viatu.